Kihamba Hicho ni cha Nani?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 49, naishi Tabata, nimeoa miaka 18 na nina watoto watatu. Tangu utoto ndoto yangu ni nyumba ndogo nzuri kwetu Marangu, kwenye kihamba cha baba, shamba letu la migomba la ukoo: vyumba vitatu kimojawapo cha mama, na kibaraza kinachotazama mlima. Nimefika kwenye lenta, fedha zimeisha. Nimemwambia mke wangu tuuze kiwanja cha Chanika, tulichonunua 2014 kwa mkopo wake wa kikoba, tupaue kabla ya Desemba. Amegoma. Nilipomwonyesha ramani aliuliza jiko liko wapi, kisha akairudisha mezani bila neno. Yeye ni mtu wa Lindi, hajui kihamba ni nini, na tangu dada yake afiwe na mume amekuwa mtu wa maneno. Sisi wavulana tuko wanne, mimi ni wa pili, na mama ananiuliza kila wiki bati linafika lini. Mkataa kwao mtumwa, Shangazi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa fedha kukauka. Kuta zilizosimama bila bati zinauma kuzitazama. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama palepale: wavulana wanne, wewe ni wa pili. Umepapitia mbio kama mtu anayepita mbele ya mdai wake. Kwa mila yenu Wachaga, nyumba ya wazazi na kihamba chake huachiwa kitinda mimba, yule anayebaki na wazee. Mkubwa hukatiwa chake. Wa katikati hutafutiwa pengine, au hujitafutia. Wewe mwenyewe umeandika "kihamba cha baba". Sasa baba alikukatia lini? Nani alishuhudia? Masale yamepandwa wapi, kuonyesha huku ni kwako na kule ni kwa mdogo wako? Vyumba umenihesabia, kibaraza umenipigia picha, mpaka hukuutaja.

Unasema mke wako hajui kihamba ni nini. Mimi naona anakijua kuliko wewe.

Amekuwa mtu wa maneno tangu dada yake afiwe. Hukuandika dada huyo anaishi wapi leo. Nina hakika haishi kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapo wameumwa nyumba nzima. Niliwahi kukaa kwenye msiba wa namna hiyo, huko huko mlimani. Arobaini haijafika, mjane bado amejifunga kanga ya msiba, shemeji yake anapima kwa hatua kutoka ukutani hadi kwenye migomba. Vitasa vya milango ile mjane alivinunua mwenyewe Kariakoo, akavipakata kwenye basi hadi Moshi. Alinishika mkono akaniambia, "Hata funguo sina." Mpaka leo nikiona kitasa kipya dukani namkumbuka.

Kanuni za mirathi za kimila za mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata upande wa baba, zinasema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mkeo anakijua hicho, na wewe unamwomba auze cha kwake akamwage fedha juu ya ardhi ambayo hata wewe hujakabidhiwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Chanika msiuze. Mahakama ya Rufani ilisema tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wako ametoa fedha taslimu na kulipa marejesho.

Na lile swali la jiko wewe umelisikia kama dharau. Mwanangu, mlima umepewa kibaraza, mama amepewa chumba, na mke wako wa miaka 18 ya ndoa anajitafuta kwenye karatasi asijione.

Na ninyi wengine mnaosoma, hili linawahusu. Ndoa za siku hizi mume ana ujenzi kwao, mke ana ujenzi kwao kwa jina la kaka yake, na watoto wanalala watatu kwenye chumba cha kupanga. Kila mtu anaficha risiti. Desemba mnapanda mlima majirani waone bati, mnakula kiburu cha ndizi na maharage siku kumi, mwaka mpya ukiingia mlango unafungwa, nyumba inabaki ya popo na mchwa. Kujenga kwenu sikukatazi, ni jambo la heshima. Mkataa kwao mtumwa, kweli, lakini huyu mwanamke kwao sasa ni wapi kama si kwako?

Simamisha ujenzi. Fundi azibe juu ya kuta maji yasiingie, na nondo zilizochomoza azipake uji wa saruji zisile kutu. Halafu pandeni Marangu wewe na mkeo, pamoja. Mkae na baba, mama na ndugu zako wote watatu, kitinda mimba asikosekane, uombe ukatiwe mbele yao na iandikwe. Baba akikukatia, nendeni serikali ya kijiji mkaulizie hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu mume na mke kuandikwa wote wawili, basi mwandikwe wote wawili. Akisema kihamba ni cha mdogo wako, basi kuta zile umemjengea mdogo wako, na heri ulijue leo kabla ya bati. Mama umjibu kwa adabu kwamba bati linasubiri neno la baba.

Kabla hamjapanda basi, itoe ile ramani, umpe mkeo pamoja na penseli, umwulize jiko alitaka likae upande gani. Kisha nyamaza, umsikilize.