Maswali na Majibu: Mashine haipimi, unapima wewe

Nimemaliza kidato cha nne. Wapi nitasoma kutengeneza meno bandia kwa miezi mitatu? (Sakina, Arusha)

Hakuna pa halali. Swali hili linarudi kila mara kana kwamba jibu litabadilika. Mafundi wa miezi mitatu tunawajua kwa kazi zao: jino limegandishwa humo humo mdomoni kwa akriliki ya baridi (plastiki ya meno inayoganda bila kupikwa), limeshikamana na majirani zake, hakuna pa kupitisha uzi wala mswaki. Akriliki ile ikiganda hutoa joto, na maji yake, yaani kimiminika cha kuchanganyia unga wake, huunguza fizi. Mteja anaondoka anatabasamu. Baadaye yanayolegea ni yale mawili mazima ya pembeni. Soma sayansi, omba chuo kinachotambuliwa, kaa darasani muda wote unaotakiwa.

Najifunza kwenye maabara ya meno. Kazi zangu zinatoka na vitundu vidogo ndani, hasa sehemu nene. Bosi anasema unga ni feki. (Ngaramtoni)

Unga hauna kosa, wewe ndiye una haraka. Maji ya akriliki yanachemka karibu na nyuzi 100. Ukitumbukiza chupa ya kupikia (kasha la chuma lenye umbo la meno) kwenye maji yanayotokota, akriliki yenyewe inaongeza joto lake. Katikati ya sehemu nene joto linapita hapo, maji hayo ya akriliki yanageuka mvuke na mvuke unakosa pa kutokea. Ndiyo maana pembeni, palipo pembamba, pako safi.

Anza upya. Unga vipimo 3, maji ya akriliki kipimo 1, kwa ujazo. Funika bakuli, subiri donge liache kunata kwenye kuta zake ndipo ulipakie. Bana kwa majaribio na plastiki katikati, kata kilichozidi, bana tena. Pika kwa nyuzi 74 kama saa moja na nusu, kisha pandisha hadi 100 kwa saa moja. Chupa ipoe yenyewe mezani. Ukiimwagia maji ya bomba, akriliki inajikunja na kaakaa linanyanyuka. Mgonjwa atakuambia "yanacheza" na wewe utalaumu kipimo cha daktari.

Vitundu vikitapakaa kote, hata palipo pembamba, hilo ni tatizo jingine: ulipakia kidogo au ulibana kilegevu. Na kama umeme wenu unakatika-katika, nunueni jiko la gesi na kipimajoto. Kukisia kwa kidole si kipimo.

Nataka kusomea miguu ya bandia pale TATCOT, lakini naambiwa printa za 3D zitamaliza kazi hii. (Majengo, Moshi)

Omba. Chuo hiki cha mafundi wa viungo bandia kipo hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza 1981, na watu wanavuka mipaka kukifuata. Wewe unakipata kwa daladala.

Printa itachapa kosa lako vizuri sana, basi. Kazi iko kwenye kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki. Kabla ya kufunga bandeji ya plasta unachora kwa penseli ya wino pia ya goti, ukingo wa muundi, na kichwa cha ule mfupa mdogo upande wa nje chini ya goti. Alama zinahamia kwenye umbo la plasta, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Unachonga chini ya pia, kwenye kano, maana pale panavumilia uzito. Unaongeza plasta juu ya kichwa cha mfupa mdogo na ncha ya muundi, ili soketi, kikombe kinachovaliwa kwenye kigutu, isiguse. Ukikosea ukachonga pale kwenye mfupa mdogo, unabana mshipa wa fahamu unaopita hapo, na mguu utakaa nyuma ya mlango nyumbani huku mwenyewe akirudia magongo. Kompyuta ina kisu cha kuchonga pia. Haijui uchonge wapi.

Nina duka la miwani. Namba ya lenzi ni sahihi, mashine mpya, wateja bado wanalalamika kichwa. (Usa River)

Unapima umbali kati ya mboni, au unaweka lenzi katikati ya fremu tu? Fremu ya 52-18 (tundu la lenzi milimita 52, daraja la puani 18) ina vitovu vilivyoachana milimita 70. Mteja mwenye mboni za milimita 60 anahitaji kila lenzi isogezwe 5 kuelekea pua. Usiposogeza, lenzi ya -4 inampa prizimu 2 (kipimo cha mwanga kupindishwa pembeni) kila jicho, jumla 4, macho yanalazimishwa kuachana kuelekea nje kutwa nzima. Kichwa kisimuume kwa nini? Na ukisogeza, hesabu ukubwa wa lenzi ghafi: upana mkubwa wa tundu ukiwa 54, jumlisha 10 za kusogeza na 2 za kukata, unapata 66. Lenzi ya 65 haitoshi. Agiza 70.

Wateja wengi huku wana meno ya kahawia kwa floraidi ya maji. Kofia ya jino nitengeneze nyeupe kiasi gani? (Tengeru)

Linganisha na majirani yake, hata kama mteja anataka nyeupe ya karatasi. Rangi ichaguliwe kwanza, dirishani, mchana, jino likiwa na mate; likikauka linapauka na utadanganyika.

Mshahara?

Muulize mwajiri.

Glovu za kawaida zinatosha kushika maji ya akriliki? (Pasua, Moshi)

Hapana, yanapenya mpira kwa dakika chache. Donge likande ndani ya karatasi ya nailoni, fungua madirisha, na ukisaga vaa barakoa inayobana puani. Ile ya kitambaa iache nyumbani.