Anza na draisuti
Mdogo wangu, umeniuliza ununue kifaa gani cha kuzamia kwanza; kutoka Mafia na suti ya kuzamia ya milimita 3 mpaka maji baridi ya Norway si mchezo, na kama hela inatosha kitu kimoja kwanza basi chukua draisuti, ile isiyoingiza maji, ila ijaribu dukani na nguo nzito ndani, chuchumaa, nyoosha mkono nyuma mpaka uguse valvu ya mtungi wa hewa mgongoni, ikikubana iache. Regulata ya mtumba, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, igeuze usome, ikiandikwa >10°C (yaani ni ya maji yanayozidi nyuzi 10 tu) usinunue kabisa, hewa ikitanuka mle ndani inapoa sana, barafu inashika na hewa inamwagika bila kukoma. Tafadhali usiipumulie nje kwenye baridi kabla hujazama. Mtungi na jaketi la kuelea kodi tu. Glavu nene lazima, vidole vikifa ganzi hata bizimu ya mkanda hufungui.