Fundi anajibu: Kigari cha gofu kinakata nguvu mlimani

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Capri Point hapa Mwanza, nasimamia nyumba ya wageni, tuna kigari cha gofu cha umeme cha zamani sana, volti 36, betri sita za volti 6, tunabebea mizigo ya wageni na kreti za soda kutoka chini ziwani mpaka juu. Tambarare kinakimbia vizuri tu ila kikifika kwenye kilima kinaanza kuhema, wageni wawili wakiwemo inabidi washuke wasukume, aibu. Fundi mmoja kasema niongeze betri mbili kiwe volti 48, mwingine anasema mota imechoka, na bosi naye anataka tairi kubwa. Nianzie wapi, maana hela yenyewe ya mawazo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza, azima tesita, kile kifaa cha kupimia volti.

Tambarare kigari kinakula umeme kidogo ndo maana ugonjwa hauonekani. Chukulia kigari na watu na soda ni kilo 600, mlima unapanda mita 1 kwa kila mita 10, mwendo mita 2 kwa sekunde, yaani kama mtu anatembea haraka, hapo kupandisha ule uzito peke yake ni karibu wati 1,200, bado msuguano wa tairi na gia na joto la mota, kwahiyo betri zinatoa ampea 50 na zaidi, na ukisimama katikati ya mlima ukaanza upya ndo zinaruka mara kadhaa ya hapo. Betri iliyochoka haiwezi.

Chaji usiku kucha, ziache zipumzike masaa kadhaa, pima moja moja. Nzima inasoma 6.3 na kitu. Lakini hiyo haitoshi kabisa, wengi wanaishia hapo wanadanganyika! Mtu aendeshe kupanda, wewe kaa na tesita usome kila betri mzigo ukiwa juu yake, nzima zitashuka hadi 5.8 hivi, mbovu itaanguka chini ya 5. Zimeungwa kwa mstari mmoja, ni kama mtumbwi wa wapiga kasia sita, mmoja akiacha kupiga anakuwa mzigo kwa watano. Ukiipata, kama nyingine bado nzuri tafuta ya umri unaofanana, maana mpya kabisa ukiichanganya na wazee itachoka nao mapema, na kama zote zina miaka mitano au zaidi badilisha zote, inauma lakini ndo ukweli. Na maji ni ya betri tu, ya ziwani msitie jamani, nimeona watu wanafanya hivyo roho inaniuma.

Halafu nyaya. Baada ya kupanda zishike kwa tahadhari, iliyo moto inakuibia. Unga wa kijani kwenye terminali safisha kwa maji ya bekingi soda, kaza nati, na waya nyembamba za zamani weka za milimita za mraba 35. Nyanyua na magurudumu uyazungushe kwa mkono, breki ikiwa inashika hapo hakuna betri itakayokusaidia. Upepo wa tairi nao jaza.

Kingine, vigari vingi vya zamani vinapunguza mwendo kwa koili za rezista, ukikanyaga pedali nusu umeme unaishia kuwa joto kwenye koili badala ya kwenda kwenye mota. Kama chako ni hivyo mlimani kanyaga mpaka mwisho, na anza kukimbia kabla hujafika kilimani. Hili halina gharama hata shilingi.

Volti 48 subiri kwanza, chaja haitafaa tena na solenoidi (swichi kubwa inayofungua umeme kwenda kwenye mota) za volti 36 zitaungua. Mota fungua uangalie brashi, vile vipande vya kaboni vinavyoingiza umeme kwenye mota, zikiwa fupi ni za kubadilisha tu, si lazima mota nzima.

Tairi kubwa mwambie bosi hapana. Kutoka inchi 18 kwenda 22 unapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu ya kuvuta, na wakati wa kushuka na wageni breki zinapata kazi zaidi.

Ukishapima nitumie namba za betri zote sita, za kupumzika na za mlimani, nikwambie ipi ya kutoa.