Kutibu magoti ya wanamichezo: jibu kwa mwanafunzi wa Chake Chake

Mdogo wangu, umeuliza kama mtoto wa Pemba anayesoma PCB (fizikia, kemia na bayolojia) anaweza kuwa bingwa wa mifupa wa kutibu wanamichezo. Anaweza, ila jipange kwa safari ndefu: udaktari miaka 5 (SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanafundisha hapa hapa), mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha ubingwa wa mifupa miaka 3 hadi 4, kwa mfano Muhimbili. Mafunzo ya majeraha ya michezo huja baada ya hapo, na wengi huyafuata nje ya nchi.

Nafanya kazi chumba cha upasuaji, na goti bado linanishangaza. Matundu mawili madogo, kamera yenye unene wa kama milimita 4, goti limejazwa maji, daktari anatazama skrini huku mikono ikifanya kazi asiyoiona moja kwa moja. Kano ya ndani ya goti iliyokatika mara nyingi hutengenezwa upya kwa kano ya nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe. Halafu ni mazoezi ya viungo, miezi 9 au zaidi, kabla ya kurudi kiwanjani.

Lakini kabla ya wachezaji utatibu walioanguka mikarafuu na waliogongwa na bodaboda. Usiwadharau, kwao ndiko mkono unakokomaa.

Kwa sasa shikilia fizikia na bayolojia. Na mechi zikichezwa uwanja wa Gombani, omba ukae karibu na anayehudumia majeruhi, umtazame anavyolishika goti kabla hajasema neno.