Aliyeimba na aliyeandika: majibu ya barua zenu kuhusu nyimbo za asili za Uingereza

Wiki mbili zilizopita nilisimulia kisa cha Cecil Sharp, mwalimu wa muziki kutoka London. Mwaka 1903 alikuwa mgeni nyumbani kwa kasisi wa kijiji cha Hambridge, Somerset, akamsikia mtunza bustani akiimba huku anakata majani. Mtunza bustani huyo aliitwa John England, na wimbo wake ulihusu mbegu za mapenzi. Sharp akatoa daftari, akaandika mahadhi palepale. Tangu hapo barua zenu zimemiminika, na hizi ndizo nilizoweza kuzijibu.

Shikamoo. Kwa hiyo Sharp ndiye wa kwanza kukusanya nyimbo hizo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Hapana, yeye alikuta wenzake wameshaanza. Chama cha kukusanya nyimbo za asili kilianzishwa London mwaka 1898, na kabla ya hapo Frank Kidson alikuwa akifanya kazi hiyo kule Leeds, na kasisi Sabine Baring-Gould kule Devon. Huko Marekani, profesa Francis James Child wa Harvard alikwisha kupanga masimulizi 305 ya kuimbwa, kila moja na namba yake, mengi akiyatoa katika miswada ya zamani.

Ila kisa ninachokipenda ni cha nyuma zaidi. Katika karne ya 18, kasisi Thomas Percy alimtembelea rafiki yake huko Shifnal, Shropshire. Chini ya kabati akaona kitabu kikuukuu kilichoandikwa kwa mkono, kimetupwa sakafuni, kichafu, watumishi wa nyumba wakichana kurasa zake kuwashia moto. Akakiomba, akapewa. Mwaka 1765 alichapisha sehemu ya yaliyomo, na washairi wa Ulaya wakakipokea kitabu kile kama chakula. Kila ninapokikumbuka kisa hiki nawaza zile kurasa zilizotangulia motoni.

Kwa nini wakusanyaji hao waliingiwa na hofu kwamba nyimbo zinakufa? (Msomaji, Kisumu)

Kwa sababu waliozijua walikuwa wazee, na vijana walikuwa wakihamia mjini na kuimba nyimbo za kumbi za starehe. Hofu ilikuwa na msingi, ingawa waliikuza. Nusu karne baadaye, kuanzia mwaka 1952, BBC ilituma watu vijijini na vinasa sauti, na wakakuta waimbaji bado wapo. Mmoja wao, Harry Cox wa Norfolk, kibarua wa mashambani, alikuwa na hazina kubwa kichwani.

Mwalimu, nimesikia waliyasafisha maneno kabla ya kuchapisha. Kweli? (Mwalimu wa kwaya, Morogoro)

Kweli, mwalimu mwenzangu. Nyimbo nyingi zilikuwa za mapenzi ya wazi: msichana na mkulima kwenye nyasi, baharia aliyelala kwa mwenye nyumba akaondoka alfajiri. Waliokusanya walitaka vitabu vyao viingie sebuleni na shuleni, basi beti zikakatwa, nyingine zikaandikwa upya. Baring-Gould alifanya hivyo, na Sharp pia.

Lakini tuwatendee haki. Katika madaftari yao waliyahifadhi maneno kama walivyoyasikia. Ndiyo maana mwaka 1958 mshairi James Reeves aliweza kufungua miswada ya Sharp na kuchapisha maneno ya wenyewe. Mimi nadhani hapo ndipo ulipo uaminifu wa mkusanyaji. Kitabu cha dukani huweza kupambwa, ila daftari lisiguswe. Ukikusanya nyimbo za bibi zako huko Morogoro, andika hata neno linalokuonea haya.

Je, hawakuwa na mashine za kurekodi? (Fundi redio, Tanga)

Zilikuwepo, fundi, na wengi hawakuzipenda. Aliyezishika kwa mikono miwili ni Percy Grainger, kijana kutoka Australia aliyekuwa mpiga piano. Mwaka 1906 alikwenda Lincolnshire na fonografu, mashine inayochora sauti juu ya silinda ya nta. Mwimbaji alisogeza uso kwenye pembe, akaimba ndani yake. Mmoja alilalamika kwamba ni kama kuimba umefungwa mdomo.

Grainger alirudi na silinda zake, akawa anazizungusha polepole, tena na tena, akiandika kila kitu. Hapo akasikia jambo ambalo kalamu ya haraka ililiruka: mwimbaji harudii ubeti kama ubeti uliotangulia. Hapa anachelewesha neno, pale anapandisha sauti kidogo, kwingine anapachika pumzi katikati ya silabi. Wengine waliandika mahadhi ya ubeti mmoja, kisha maneno ya beti zilizobaki. Grainger aliandika ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja na mwendo wake. Mwimbaji wake mkuu, Mzee Joseph Taylor, aliitwa London mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 75 hivi, na sauti yake ikatolewa kwenye santuri. Bado inasikika: nyembamba, safi, imetulia.

Waimbaji wenyewe walipata nini? (Dada mwimbaji wa taarabu, Unguja)

Kidogo sana, dada yangu, na swali lako limeniuma. Pale Hambridge, ndugu wawili, Louie Hooper na Lucy White, waliojipatia riziki kwa kushona, walimpa Sharp nyimbo kwa makumi. Wimbo wa kurithi hauna mtunzi anayejulikana, kwa hiyo haki ya kitabu ilikuwa ya aliyepanga sauti za piano. Walau majina ya waimbaji, kijiji na tarehe yaliandikwa. Leo madaftari hayo yamewekwa mtandaoni bure na maktaba iliyomo ndani ya Cecil Sharp House, London, na faharasa ya Steve Roud imeupa kila wimbo namba. Ule wa John England ni namba 3.

Kazi hii ilifika kwetu Afrika Mashariki? (Mzee mstaafu, Kericho)

Shikamoo mzee. Ilifika, na ilipita karibu kabisa na kwako. Hugh Tracey alizaliwa Devon mwaka 1903, mwaka uleule wa bustani ya Hambridge, akahamia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kulima. Akapenda nyimbo za wafanyakazi wenzake wa shambani. Alipokwenda London miaka ya 1930, Ralph Vaughan Williams, mtunzi aliyekusanya nyimbo zaidi ya 800 za Uingereza, alimtia moyo aendelee. Mwaka 1950 Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake, akawarekodi Wakipsigis. Wimbo mmoja aliondoka nao na jina la mwimbaji: Chemutoi Ketienya, pamoja na wasichana wenzake. Miaka 65 baadaye nakala zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya wazee waliorekodiwa wakiwa vijana walikuwa bado hai. Wakakaa, wakajisikiliza.