Diski ina nafasi, mbona seva inagoma?

SWALI: Mimi ndiye fundi wa kompyuta katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa. Seva yetu ya Linux ina nafasi tele, df -h inaonyesha asilimia 41 tu ndiyo imetumika. Lakini tangu jana akaunti ya skana haihifadhi kitu, inasema "Disk quota exceeded". Juu ya hayo, nikiandika ls (amri ya kuorodhesha faili) kwenye folda ya kumbukumbu za zamani, skrini inaganda, na hata kill -9, ya kuua programu kwa nguvu, haifui dafu. Nifanyeje?
Msomaji, Tudor

JIBU: Ndugu yangu, hayo ni maradhi mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Diski ingekuwa imejaa, ungesoma "No space left on device". Kilichokwisha ni mgao (quota) wa akaunti, na mgao hupimwa mara mbili: ukubwa wa data na idadi ya faili. Skana inayotoa faili kwa kila ukurasa humaliza idadi kabla ya ukubwa. Ingia kama root, yaani msimamizi mkuu, andika repquota -a, utazame alama mbili kando ya jina la akaunti. Ukiona -+, ukubwa hauna neno, idadi ndiyo imevuka. Kisha tazama safu ya muhula (grace). Anayevuka kikomo cha chini huachiwa siku 7, kama msimamizi hakubadilisha. Zikiisha, safu huandika none na mlango hufungwa, hata kama kikomo cha juu bado kiko mbali. Ndiyo maana juzi ilikubali na jana ikakataa bila mtu kugusa kitu. Unaweza kuongeza kwa edquota, lakini mimi ningezifunga skani za zamani kwa tar kwanza, ziwe faili moja, kisha nifute zile moja moja.

Sasa hiyo folda. Andika ps -eo pid,stat,cmd. Herufi D maana yake mchakato unangoja diski au mtandao ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), na aghalabu hausikii kill. Soma dmesg, yaani ujumbe wa kerneli. Ukikuta "I/O error", nakili data leo leo, na fsck, ya kukarabati mfumo wa faili, usiiendeshe diski ikiwa bado imepachikwa (mounted). Ukikuta "nfs: server ... not responding", folda iko kwenye mashine nyingine, findmnt itakuonyesha ipi.

Mimi yalinikuta. Nilihangaika na seva asubuhi nzima, kumbe stoo mtu alichomoa plagi ya swichi ya mtandao achemshe chai. Tulipoirudisha, ls iliyoganda tangu saa mbili ikatoa orodha yake yenyewe.