Maswali ya Wasomaji: Dizeli Haifiki Kwenye Injini

Barua nyingi za safari hii zinahusu pikapu za dizeli, na karibu kila moja inaishia na sentensi ileile: fundi amesema pampu imekufa. Mara nyingine ni kweli. Lakini pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, ndiyo kifaa cha mwisho kushukiwa, si cha kwanza, kwa sababu kati yake na tenki kuna mipira, klipu, filta na oringi (vimpira vya duara vya kuzibia) ambazo huharibika mapema zaidi na hugharimu kidogo sana.

Pikapu yangu ni ya injini ya zamani, pampu isiyo na kompyuta. Asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka. Nikiipampu kwa mkono pale juu ya filta, inawaka papo hapo, na mchana kutwa haisumbui. Fundi anataka kushusha pampu. Nimruhusu?

Usimruhusu bado. Kama pampu ya mkono inaiwasha papo hapo, maana yake usiku dizeli imerudi kwenye tenki, na imerudi kwa sababu kuna mahali hewa inaingia. Pampu iliyochakaa huonyesha dalili tofauti: gari huwaka vizuri likiwa baridi, kisha hugoma likiwa limepata moto, kwa kuwa dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya kwenye nafasi zilizolegea ndani ya pampu.

Kesho asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza ile pampu ya mkono. Ikiwa ngumu tangu mbonyezo wa kwanza au wa pili, dizeli ipo na tatizo liko kwingine, pengine plagi za kupashia moto. Ikiwa laini na ikahitaji mibonyezo mingi ndipo ikaze, dizeli ilikuwa imeondoka.

Usitafute doa la mafuta chini ya gari. Kutoka kwenye tenki hadi kwenye pampu dizeli inafyonzwa, haisukumwi, hivyo palipo na ufa hewa huingia ndani bila tone kutoka nje. Nunua mpira unaoonyesha ndani, unaostahimili dizeli, wenye kipenyo sawa na wa gari lako (nyingi ni milimita 8), urefu kama sentimita 30. Ufunge kwa klipu kati ya filta na pampu, toa hewa, washa injini na utazame. Viputo vichache mwanzoni si neno. Vikiendelea kupita mfululizo, hewa inaingia. Sasa hamishia mpira huo kabla ya filta. Viputo vikiwa bado vipo, ufa uko upande wa tenki. Vikitoweka, mkosaji ni filta yenyewe au kichwa chake.

Kwenye kichwa cha filta, kagua mambo matatu. La kwanza ni gasketi: ya zamani mara nyingi hubaki imeganda juu, kisha mpya ikafungwa juu yake, na gasketi mbili hazizibi hata ukikaza vipi. La pili ni oringi ya sensa ya maji chini ya filta, ambayo huhamishwa kutoka filta ya zamani kwenda mpya bila kubadilishwa. La tatu ni pampu ya mkono yenyewe. Mpira wake wa ndani ukichanika, inanyonya hewa kila injini inapovuta. Usisahau pia vile vimpira vyembamba vya kurudishia mafuta juu ya nozeli, vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini. Vikikauka na kupasuka huruhusu dizeli kurudi usiku, na kuvibadilisha vyote ni kazi ya dakika chache.

Pikapu yangu ni ya kisasa, ya reli ya presha, yaani bomba moja nene linalotunza dizeli yenye presha kubwa kwa ajili ya nozeli zote. Nikiwa na mzigo kwenye mlima inakata nguvu ghafla na taa ya injini inawaka. Nikizima na kuwasha tena inakuwa sawa kwa muda. Mashine ya kupimia hitilafu imesoma kodi (namba ya hitilafu) P0087. Nimebadilisha filta, na sasa nimeambiwa ninunue nozeli zote 4.

P0087 maana yake ni kwamba presha ndani ya reli iko chini ya ile iliyoagizwa na kompyuta. Haisemi kwa nini. Kompyuta inapunguza nguvu ili kulinda injini. Ukizima inasahau, na mlima unaofuata inakumbuka. Mwenye kukuuzia nozeli 4 kwa kodi hii peke yake anabahatisha kwa fedha zako.

Presha hupungua kwa njia kuu 3: dizeli haifiki ya kutosha kwenye pampu kubwa inayojaza reli, pampu au valvu yake ya kupimia mafuta haifanyi kazi, au nozeli zinarudisha mafuta mengi kupita kiasi. Anza na ya kwanza. Gari likikata, simama mahali salama na ufungue kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na gari likapata nguvu, tundu la hewa la tenki limeziba. Halafu kagua chujio lililo mwisho wa bomba la kufyonzea ndani ya tenki. Likizibwa na uchafu gari hutembea vizuri kwenye tambarare, maana hapo linahitaji dizeli kidogo, na hushindwa pale linapohitaji nyingi. Bomba lililobonyezwa na jiwe chini ya gari hufanya vilevile. Na filta mpya isihesabiwe kuwa nzuri kwa kuwa ni mpya: za bandia zipo tele.

Kama upande huo ni safi, fundi aweke mashine na atazame namba mbili kwa pamoja, presha iliyoagizwa na presha halisi. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, nyingi huwa kati ya bar (kipimo cha presha) 250 na 350, na zinatakiwa kukaribiana. Presha ikipanda na kushuka hapo hapo bila kutulia, shuku valvu ya kupimia mafuta, ambayo kwenye pampu nyingi hubadilishwa bila kushusha pampu. Ikitulia pale lakini pengo likaongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, geukia nozeli.

Nozeli hupimwa kwa chupa. Chomoa vimpira vya kurudishia mafuta, elekeza mafuta yanayorudi ya kila nozeli kwenye chupa yake, chupa zote ziwe sawa, ziba bomba la kurudi tenkini, kisha washa injini kwa dakika chache. Linganisha. Chupa iliyojaa mara 2 au 3 ya nyenzake imemtaja mhalifu, na huenda ni mmoja tu. Nozeli mpya ya aina hii mara nyingi ina namba iliyoandikwa juu yake ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta, la sivyo injini itagonga au itatoa moshi.

Kitu kimoja hakina mjadala: usilegeze nati za mabomba ya reli injini ikiwa inazunguka, kama ilivyozoeleka kwenye injini za zamani. Presha humo huweza kupita bar 1,600. Uzi wa dizeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuacha alama kama ya sindano isiyouma sana, huku mkono ukiharibika kwa ndani. Ikitokea, ni hospitali muda huohuo.

Dizeli iliniishia njiani. Nimeweka lita 5, nimepiga stata sana, haiwaki. Injini ni ya zamani.

Kwanza, lita 5 ni chache, hasa gari likiwa limeinama. Ongeza zifike 10. Pili, pumzisha stata: sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, kisha iache ipoe walau nusu dakika.

Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, endelea kupampu mpaka iwe ngumu. Piga stata. Ikigoma, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, nyingi ni spana namba 17, kwa mzunguko mmoja tu, mwenzako apige stata hadi dizeli itoke kwa kuruka, kisha ukaze moja baada ya nyingine. Injini huanza kukohoa kabla hujamaliza.

Dizeli ikifika kwenye pampu lakini isitoke kwenye nozeli hata moja, geuza ufunguo bila kupiga stata na usikilize swichi ya kukatia mafuta iliyo nyuma ya pampu. Inatakiwa kutoa mlio mdogo, “tak”. Kukiwa kimya, pima umeme kwenye waya wake. Volti 12 zisipokuwepo, ni fyuzi au waya.

Taa ya maji kwenye dashibodi inawaka kila baada ya siku chache. Namwaga maji, inarudi.

Basi maji yako kwenye tenki. Kinga mafuta unayomwaga kwenye chupa ya kioo na uyaache dakika 10: maji yatakaa chini, dizeli juu. Ukiona utando mweusi unaoteleza katikati, hao ni vijidudu wanaoota pale dizeli na maji yanapokutana, nao ndio wanaoziba filta kabla ya muda. Kumwaga kwenye filta hakutoshi tena. Tenki lishushwe, lioshwe, likaushwe, na filta ibadilishwe mara 2: siku hiyo, na tena baada ya kilomita 1,000 hivi. Kagua pia mpira wa kifuniko cha tenki, maana maji ya mvua na ya kuoshea gari hupita hapo.

Naweza kuchanganya mafuta ya taa kidogo ili kupunguza gharama?

Hapana. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo.